Njia ya Miguu Bombolulu: Mazingira Hukaguliwaje Kabla ya Kabro Kutandazwa

Tathmini ya athari za mazingira ni uchunguzi unaofanywa kabla mradi haujaanza, ili ijulikane utaharibu nini, utamfaa nani na utamuumiza nani. Wengi huihusisha na viwanda, bandari na mitambo ya umeme. Lakini hata kazi inayoonekana kuwa ya heri tupu, kama kutandaza kabro kwa waendao kwa miguu, kuweka taa, kupanda miti na kutengeneza vivuko, hugeuza mkondo wa maji, hugusa riziki za watu na huwafikia viumbe wa baharini. Bombolulu ni mtaa unaofaa sana kulielezea jambo hili. Uko bara ya kaskazini ya Mombasa, ukitoka kisiwani kwa kuvuka daraja la Nyali, kilomita chache kwenye barabara ya kwenda Malindi. Watu ni wengi, nafasi ni finyu, na ufuo hauko mbali.

Barabara hiyo hubeba kila kitu. Matatu za mjini, Mtwapa na Kilifi hupita hapo, pamoja na malori, tuktuk, bodaboda na mikokoteni ya maji. Kandokando yake hutembea wanafunzi, vibarua, akina mama wanaotoka sokoni Kongowea na wafanyakazi wa hoteli za Nyali na Bamburi wanaotoka majumbani alfajiri. Kutembea hapa si matembezi ya kupunga upepo. Ndiyo safari yenyewe. Mwaka 2023 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 4,300 nchini Kenya, na zaidi ya thuluthi yao walikuwa watu wanaokwenda kwa miguu. Kwa hivyo swali la kwanza la tathmini huwa zito kuliko linavyodhaniwa: njia isipojengwa, hali itakuwaje? Tathmini nzuri huulinganisha mradi na njia mbadala, pamoja na ile ya kuacha mambo yalivyo.

Kwa Bombolulu swali hilo limefungamana na mradi mkubwa zaidi. Desemba 2019, Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya pwani inayounganisha Bagamoyo nchini Tanzania na Malindi nchini Kenya kupitia Horohoro na Lunga Lunga, na Umoja wa Ulaya ukaongeza msaada wake. Upande wa Kenya, kazi iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, na sehemu yake moja ni kupanua barabara ya Mombasa hadi Mtwapa iwe ya njia mbili kila upande. Barabara ikipanuka, magari huongeza kasi na anayevuka huwa na lami pana zaidi mbele yake. Njia za miguu, vivuko na vituo vya matatu haviwezi basi kuachwa viwe mapambo ya mwisho baada ya lami kukauka. Tathmini ndiyo nafasi ya kuvidai vikiwa bado ni mistari kwenye karatasi, kabla zabuni haijatolewa na bei kufungwa.

Msingi wa kisheria ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2015, pamoja na kanuni za tathmini za mwaka 2003. Msimamizi ni Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Mwenye mradi, awe ni serikali ya kaunti, KeNHA au mwekezaji, humwajiri mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, naye huandaa ripoti ya mradi. Kwa kazi ndogo isiyo na madhara makubwa, ripoti hiyo inaweza kutosha na leseni ikatolewa. Kwa kazi kubwa, kama kupanua barabara kuu, hutakiwa utafiti kamili: kwanza hukubaliwa ni mambo gani yachunguzwe, ndipo uchunguzi ufanywe, ripoti itangazwe na maoni ya umma yapokewe. Hatari iliyopo ni ya kuukatakata mradi vipande vidogo, njia ya miguu kivyake, mtaro kivyake, taa kivyake, hadi kila kipande kionekane hakina neno. Mtaa hauishi vipandevipande. Mvua ikinyesha, vyote hukutana.

Na kwa kweli maji ndiyo kiini cha suala zima. Mombasa hupata mvua zake nyingi wakati wa masika, hasa Mei, kisha vuli kuanzia Oktoba. Novemba 2023 mvua kubwa zilifurikisha sehemu nyingi za jiji. Udongo wa bara ya kaskazini umekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye vitundu na nyufa, na sehemu ambazo hazijasakafiwa hunywa maji mengi. Zikishafunikwa, maji hayo hayapotei, huhama. Hesabu yake ni nyepesi. Njia ya miguu yenye upana wa mita 2, ikijengwa pande zote mbili za barabara kwa kilomita moja, hufunika mita za mraba 4,000. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu yake, hupatikana lita 200,000 za maji, sawa na malori 20 ya maji ya lita 10,000 yanayomwagwa mtaani kwa pamoja. Hapo bado hayajahesabiwa maji ya lami yenyewe wala ya mapaa ya nyumba.

Lazima yaende mahali. Njia iliyoinuliwa kwa mawe ya ukingo huifanya barabara kuwa mfereji, na mfereji huo humwaga panapoishia ukingo, ambapo mara nyingi ni kwenye kichochoro kinachoshukia nyumba za kupanga zilizo chini kuliko barabara. Ndiyo sababu tathmini nzuri haitosheki na picha ya njia ilivyopendeza. Huonyesha ramani ya miinuko, hutaja kila mtaro na kila kalvati, ukubwa wake na mwisho wake, na husema wazi nani atazibua takataka kabla ya masika. Kabro zinaweza kutandazwa juu ya kokoto zenye nafasi ili maji yapenye, lakini hapo huzuka swali la pili. Nyumba nyingi za bara ya kaskazini hutumia vyoo vya shimo, na visima bado vina watumiaji. Katika mwamba wenye nyufa, maji machafu ya juu hushuka chini upesi bila kuchujwa vya kutosha, hivyo mahali pa kuyapenyeza maji hupaswa kuchaguliwa mbali na visima. Mtaalamu asiyeuliza visima viko wapi hajamaliza kazi yake.

Maji yasiyopenya ardhini hushukia ama mkono wa bahari wa Tudor wenye mikoko, ama ufuo wa upande wa Nyali na Bamburi. Huko kuna Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 na kusimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya. Matumbawe hai huhitaji maji maangavu. Mchanga wa ujenzi, mafuta ya magari na chupa za plastiki vikisombwa hadi huko, tope hulifunika tumbawe na kulinyima mwanga. Hifadhi hiyo huwalisha wavuvi na waendesha boti za watalii, kwa hivyo mtego wa mchanga kwenye mtaro wa Bombolulu una uhusiano wa moja kwa moja na chungu cha mtu wa ufuoni. Taa nazo zina shauri lake. Kwenye njia zinazoteremka ufuoni, taa inayomwaga mwanga hadi mchangani humfukuza kasa anayetaka kutaga, na watoto wake wakianguliwa huifuata taa badala ya bahari. Dawa yake ni rahisi: taa fupi, zilizofunikwa juu na kuelekezwa chini. Ndani ya mtaa, kinyume chake, giza ndilo adui, kwa mwanamke anayetoka zamu ya usiku na kwa dereva asiyemwona anayevuka.

Bombolulu ina sababu nyingine ya pekee ya kuwa na njia nzuri. Mwaka 1969 Chama cha Walemavu wa Viungo cha Kenya, APDK, kilianzisha hapo karakana ambamo watu wenye ulemavu hutengeneza mapambo, bidhaa za ngozi, nguo na vinyago, na baadaye kituo cha utamaduni kikafunguliwa kwa wageni. Kwa zaidi ya miaka 50 jina la mtaa limetajwa pamoja na kazi za mikono yao. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 humpa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma na kutumia usafiri wa umma. Haki hiyo hupimwa kwa sentimita. Ukingo wenye kimo cha sentimita 15, kwa kipimo cha kawaida cha mteremko wa 1 kwa 12, huhitaji mteremko wa urefu wa mita 1.8 ili kiti cha magurudumu kipande bila kusukumwa. Mkandarasi akiubana hadi sentimita 60, mteremko upo machoni, lakini mwenye kiti hubaki barabarani na matatu. Viti viwili kupishana huhitaji pia upana wa mita 1.8 usio na nguzo ya umeme, gari lililoegeshwa wala shimo la mtaro lililokosa kifuniko. Asiyeona huhitaji vigae vyenye vinundu vya kumwonyesha kivuko kinapoanzia. Vipimo hivi vikiandikwa kwenye masharti ya leseni, vinaweza kudaiwa. Vikiachwa kwa hisani ya mkandarasi, hupotea.

Upande wa riziki ndio wenye machungu. Mahali panapotakiwa njia ndipo palipo na meza za mboga, karai za viazi na bhajia, madafu, mitumba na mafundi wa viatu. Wengi wako ndani ya hifadhi ya barabara na hawana hati yoyote, na kwa desturi huondolewa kwa tingatinga na notisi fupi. Wakopeshaji wakubwa kama Benki ya Maendeleo ya Afrika wana masharti yao juu ya hili: hutaka uandaliwe mpango wa kuwahamisha na kuwasaidia wanaoguswa, na asiye na hati ya ardhi bado hustahili kusaidiwa kwa kibanda na kipato anachopoteza. Njia inayojengwa kwa fedha za kaunti haina mlinzi huyo, na hapo ndipo tathmini inapopaswa kuwahesabu wachuuzi mmojammoja kabla ya kazi. Ukweli ni kwamba mchuuzi ni sehemu ya njia salama. Macho yake na taa yake hulinda mtaa jioni. Njia ikipimwa vizuri, yaani ukanda wa kupita ulio wazi na ukanda wa biashara pembeni yake, wote wawili hupata nafasi. Akifukuzwa bila mpango, hurudi baada ya wiki chache na kukaa katikati ya kabro mpya.

Kivuli nacho ni miundombinu katika joto la Pwani. Miti iliyopo huhesabiwa na kutiwa alama, mwembe au mwarobaini mkubwa ukipindiwa njia badala ya kukatwa, kwa sababu mche huchukua miaka mingi kutoa kivuli kama hicho. Juu ya mwamba wa matumbawe mti hauoti popote tu. Katika machimbo ya saruji ya Bamburi, René Haller alipoanza kuotesha miti mwaka 1971, mvinje ndio uliostahimili jiwe tupu na kuwa chanzo cha msitu unaoitwa leo Haller Park. Mtaani, mti hutaka shimo pana lenye udongo, na mtu wa kuumwagilia kiangazi. Tathmini huangalia pia kumbukumbu za kale, na barabara hii inazo: Kengeleni husimama kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachiwa huru yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1875.

Kipindi cha ujenzi huhitaji masharti yake, ambayo ni ya kawaida: kumwagia maji vumbi, kutoendesha mashine usiku, kuzungushia uzio mitaro iliyochimbwa, na kuacha njia ya muda ili watu wasisukumwe barabarani kwa miezi mizima.

Hayo yote hayawezi kujulikana kutoka ofisini. Kwa utafiti kamili, kanuni za mwaka 2003 hutaka matangazo yabandikwe mahali pa wazi, yachapishwe gazetini kwa wiki mbili mfululizo na yasomwe redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji. Hutaka pia mikutano isiyopungua mitatu na wanaoguswa, notisi itolewe angalau wiki moja kabla, na saa na mahali viwafae wenyeji. Maoni ya mdomo hupokewa kama ya maandishi na hupaswa kunakiliwa pamoja na tafsiri yake. Mkaazi anayezungumza Kigiriama hahitaji Kiingereza ili kusema maji huingia kwake kutoka upande gani. Mkutano unaoitwa saa nne asubuhi siku ya kazi huwapata wazee wa mtaa na kuwakosa vibarua, wachuuzi na wanafunzi, ambao ndio wenye njia.

Kuyapuuza haya kuna gharama. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Mazingira, ile inayosikiliza rufaa dhidi ya NEMA, ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi wa njia ya miguu ni mdogo mno kulinganisha na ule, lakini sheria ni ileile, na mlango wa rufaa uko wazi kwa mkaazi wa Bombolulu kama ulivyokuwa kwa wa Lamu. Asiyeridhika na uamuzi wa mahakama hiyo anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Leseni ikitolewa huja na masharti, nayo si siri. Mwananchi anaweza kuiomba NEMA nakala ya ripoti na leseni. Mradi ukianza kutumika, ukaguzi wa kwanza wa mazingira hufanywa ndani ya miezi 12. Wakaguzi hulinganisha yaliyoahidiwa na yaliyopo: mifuniko ya mitaro, urefu wa miteremko, miche iliyoshika, mwelekeo wa taa, na mahali maji yanapotuama baada ya masika ya kwanza. Pengo likipatikana, NEMA inaweza kuamuru lirekebishwe, na gharama humwangukia mwenye mradi.