Uanafunzi unaofika mzizini: somo la Uamsho kwa makanisa ya Misisi



Hapa Misisi, tukisikia habari za watu wenye msimamo mkali, mioyo yetu inashituka. Tunawaza bunduki na vijiji vilivyokimbiwa. Na likitajwa jambo la dini, tunakumbuka msitu wa Shakahola, nchini Kenya, ambako tangu mwaka 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu.

Kwa hofu hiyo, wengi wetu wachungaji tumechagua imani isiyomsumbua mtu: njoo Jumapili, imba, toa sadaka, na Jumatatu urudi shimoni. Lakini Bwana mwenyewe hakuita watu hivyo. Katika Luka 14 aliwaambia makutano kwamba asiyeuchukua msalaba wake hawezi kuwa mwanafunzi wake, tena akawataka wahesabu gharama kwanza. Basi tutatofautishaje moto wa Bwana na moto unaoteketeza watu?

Neno "radikali" limetoka katika Kilatini, na asili yake ni mzizi. Mkristo radikali, kwa maana hiyo, si yule anayepiga kelele kuliko wengine. Ni yule anayekubali Injili ifike mpaka mzizini. Tarehe 21 Januari 1525, huko Zurich, Uswisi, watu wachache walikutana nyumbani wakabatizana wakiwa watu wazima, kwa kuwa waliamini kwamba mtu humfuata Kristo kwa kuamua mwenyewe. Wengi wao walikataa pia kushika upanga. Mmoja wao, Felix Manz, alizamishwa mtoni Januari 1527. Hakuua mtu. Aliuawa yeye.

Lakini hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Katika miaka ya 1930, Uamsho ulianza Gahini, Rwanda, penye hospitali ya misheni. Daktari Joe Church, Mwingereza, na Simeoni Nsibambi, Mganda, walikuwa wamekutana Kampala mwaka 1929, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu Gahini. Alifariki mwaka 1936 akiwa bado anaita kanisa liamke. Kutoka huko moto ulienea Uganda, Burundi, Tanganyika, Kenya, hata mashariki ya Kongo yetu. Watu wakawaita Balokole, yaani waliookoka.

Mambo matatu ya Uamsho ule yanatufaa leo.

Kwanza, toba yao ilirudisha mali. Waliookoka hawakuishia kulia madhabahuni. Walirudisha walichoiba, wakalipa madeni, wakamwomba msamaha waliyemkosea, kama Zakayo katika Luka 19. Hapa kwetu mtu anaweza kushuhudia vizuri sana kanisani huku jiwe la mizani yake si halali, au huku anaficha dhahabu ya wenzake na ya PDG wa shimo. Toba isiyofika kwenye mizani haijafika mzizini.

Pili, walikataa kiapo na walikataa bunduki. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, ndugu wengi wa Uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau. Wengine waliuawa kwa ajili hiyo. Lakini wengi wao walikataa pia kuchukua silaha za serikali ya kikoloni, na pande zote mbili zikawashuku. Kijana mmoja wa kwaya alituuliza: "Mchungaji, wenzangu wamechanjwa dawa, wamepewa silaha kulinda kijiji. Mimi nikikataa, nitaitwa mwoga au msaliti?" Hatukumdanganya. Tulimwambia kwamba huenda ataitwa yote mawili, na kwamba kanisa likimfundisha kukataa, ni lazima limfiche, limlishe, na lisimame naye. Gharama ya mwanafunzi mmoja ni gharama ya mwili wote.

Tatu, walitembea nuruni. Kwa kufuata 1 Yohana 1:7, waliungama dhambi mbele ya wenzao, na hata viongozi walikubali kuonywa. Hapo ndipo penye tofauti kubwa na Shakahola. Kiongozi anayekataza watu wake kuulizwa na kupimwa, anayewatenga na jamaa zao, anayetoa sadaka maisha ya watoto wa wengine, huyo hafanyi wanafunzi wa Yesu. Anafanya watumwa wake.

Hata hivyo, tusiufanye Uamsho kuwa sanamu. Wakati mwingine walihukumu wenzao kwa kiburi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, baada ya ugomvi kati yao na uongozi, na makosa hayakuwa ya upande mmoja. Na jambo zito zaidi: nchi ile ile ulikoanzia Uamsho ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari mwaka 1994, na watu waliuawa hata ndani ya makanisa. Wako Wakristo waliokufa wakiwaficha jirani zao. Lakini wako pia waliokuwa wameungama ulevi na wizi, na chuki ya kabila wakaiacha palepale ilipokuwa.

Hapo, wapendwa, ndipo Fizi yetu inapoguswa. Tumehubiri juu ya pombe na uzinzi. Je, tumehubiri juu ya maneno tunayosema nyumbani, watoto wakisikia, kuhusu kabila lile jingine? Je, tunaweza kula Meza ya Bwana pamoja nao? Mzizi usiong'olewa huchipuka tena, hata kama matawi yamekatwa mara saba.

Kwa hiyo tunashauri kila kanisa la mahali lianze na vikundi vidogo, watu wanaojuana, wanaosoma Neno na kuulizana maswali haya bila kuogopa cheo: Mizani yako ikoje? Mkono wako umeshika nini? Ni nani usiyetaka kuomba naye? Na sisi wachungaji tuwe wa kwanza kujibu.

Bwana atupe neema.