Pwani tulivu ipo, lakini jihadhari na homa

Je, wewe ni miongoni mwa wale ambao hurudi kutoka likizoni Mombasa wakiwa wamechoka kuliko walivyoondoka? Hauko peke yako. Desemba ikifika, Bamburi, Nyali na Diani hufurika watu. Mchana bichi boi wanakuvuta huku, mwenye ngamia anakuvuta kule, na usiku disko haikupi nafasi ya kufumba jicho. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kelele chumbani usiku zisizidi desibeli 30 ili mtu alale vyema. Jirani ya disko, hesabu hiyo ni ndoto.

Kwa mtu mwenye shinikizo la damu, au ambaye daktari amemshauri apumzike, usingizi ni sehemu ya matibabu. Kwa nini basi ulipie kelele ambazo Nairobi unazipata bure?

Ukielekea kaskazini kwa barabara ya Malindi, kabla hujafika daraja la Kilifi, kuna njia ya kuingia Takaungu, mji mkongwe ambao Wamazrui walihamia baada ya kutolewa Mombasa mnamo 1837. Hapa utaamshwa na adhana, si na ngoma za hotelini. Vaa kwa heshima, waamkie wazee, na utapokewa. Ukivuka daraja kuna ufuo wa Bofa, mchanga mweupe mrefu wa kutembea asubuhi.

Kusini, pita Diani bila kugeuza kichwa. Gazi kuna msitu wa mikoko ambamo akina mama wa kijiji wamejenga ujia wa mbao, nawe unatembea kivulini ukisikiliza ndege tu. Mbele zaidi ni Shimoni, na ng'ambo yake kisiwa cha Wasini, ambako hakuna magari. Binafsi ningechagua Wasini. Masikio hukaa siku nzima yakishangaa. Lakini beba maji yako ya kunywa.

Hata hivyo, utulivu una gharama yake. Ufuo usio na watu hauna mwokoaji pia. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Wageni hutembea hadi kwenye mwamba maji yakiwa yamekupwa, wakasahau saa, na maji yakawazingira. Muulize mvuvi yeyote saa ya kurudi, naye atakwambia bila kutazama kitabu. Vaa viatu vya mpira, maana miambani kuna wadudu wenye miiba mirefu myeusi. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri kaa kivulini, hasa ukiwa na watoto.

Kama unatumia dawa za kisukari au za presha, chukua za kutosha na siku kadhaa za ziada. Usitegemee duka la kijijini. Ulizia mapema hospitali iliyo karibu. Kilifi na Msambweni zina hospitali kubwa za kaunti, lakini kutoka kisiwani utahitaji mashua kwanza, na usiku si kila nahodha atakubali kung'oa nanga.

Adui mkubwa zaidi ni mbu. Mkazi wa Nairobi, na hasa mtoto aliyezaliwa huko, hana kinga ya malaria aliyo nayo mwenyeji wa Kwale. Muone daktari kabla ya safari akupe dawa za kuzuia, na mama mjamzito asiende bila kushauriana naye. Lala ndani ya chandarua chenye dawa, jioni vaa mikono mirefu. Mchana pia usijisahau, kwani mbu wa homa ya dengue huuma jua likiwaka.

Malaria haiji siku ile ile. Huchukua siku saba au zaidi, mara nyingi ukiwa umekwisha rudi kazini na picha zimekwisha tazamwa. Homa, maumivu ya viungo au kutapika kukikupata katika wiki zinazofuata, usinunue dawa za mafua ukangoja. Nenda kliniki siku hiyo hiyo, uombe kupimwa damu, na hata kama hujaulizwa, mwambie daktari kwamba ulikuwa Pwani.