Zabuni Imeahirishwa au Imefutwa? Yajue Maneno Haya
Wakazi wengi wa Ukunda, Diani na Msambweni wanaoomba zabuni hukutana na matangazo ya Kiingereza. Maneno haya hayana maana moja.

“Postponed” ni kuahirishwa: tarehe imesogezwa mbele, kwa hivyo weka stakabadhi zako tayari. “Suspended” ni kusimamishwa kwa muda: subiri uamuzi. “Cancelled” ni kufutwa: ikitangazwa upya, itakubidi kuomba upya.

Ukidhani iliyofutwa imeahirishwa, utangoja bure. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 humpa mzabuni anayelalamikia uamuzi siku 14 tangu aarifiwe kuomba mapitio. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba. Usipoelewa, uliza mapema.