Matembezi ya Watoto Yasiuzwe

Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza kwamba elimu katika visiwa hivi itatolewa bila ya malipo. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ikaongeza jambo ambalo wazee wetu hawakulipata: miaka miwili ya maandalizi ikaingizwa katika elimu ya lazima, na mtoto wa miaka minne akahesabiwa kuwa mwanafunzi mwenye haki zake. Hatuna haja ya kulirefusha hilo. Tunalotaka kulizungumza leo ni dogo kwa sura, lakini linagusa haki hiyo moja kwa moja. Nalo ni matembezi ya watoto wa skuli za maandalizi: wanapelekwa wapi, kwa ajili gani, na ni nani anayebaki nyuma.

Wako wazazi wanaoona kwamba matembezi ni kupoteza wakati. Husema, "Tumempeleka mtoto akasome, hatukumpeleka akatembee." Mzazi wa namna hiyo huridhika akipita nje ya darasa na kusikia watoto arubaini wakiimba a, e, i, o, u kwa sauti moja, na huridhika zaidi daftari likirudi nyumbani limejaa herufi. Hatumlaumu, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa yeye. Lakini watu waliobobea katika malezi ya watoto wadogo, wa hapa petu na wa nchi nyingine, wamekubaliana zamani kwamba mtoto wa umri huo hujifunza kwa kushika, kunusa, kuuliza na kucheza. Hawezi kulijua neno "soko" kwa kuonyeshwa picha ukutani, tena aghalabu picha yenyewe imechapwa ng'ambo na ina matufaha na matunda ya barafuni ambayo hajapata kuyaonja.

Ndiyo maana mwalimu hodari wa maandalizi hafundishi vipande vipande. Huchagua mada moja, akakaa nayo wiki moja au mbili, na hesabu, lugha, nyimbo na uchoraji vyote vikatoka humo. Tuseme mada ni chakula. Siku ya kwanza huwauliza watoto ni nani aliyekwenda sokoni na mama yake, na aliona nini. Majibu huwa ya ajabu. Mmoja ameona papa, mwengine ameona mtu akigombana. Siku ya tatu wote wanakwenda, na kila kikundi kina kazi yake: hawa watafute vitu vyekundu, hawa vitu vya mviringo, wale wanuse mdalasini na karafuu wakiwa wamefumba macho. Kwa aliye mjini, soko la Darajani liko pale tangu mwaka 1904. Kwa aliye shamba, genge la kijijini linatosha kabisa, na huenda likafaa zaidi, kwani muuzaji anawajua watoto kwa majina ya baba zao.

Hesabu ya sokoni imekwisha kuandaliwa na wauzaji wenyewe. Maembe yamepangwa mafungu ya matano matano, na mafungu mawili yakiunganishwa, mtoto huona kumi kabla hajaandika kumi. Zamani mchele ukipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikafanya pishi moja. Siku hizi ni mizani. Mwalimu mwenye akili huwapa watoto kifuu na mchanga wakapime wenyewe, waone vifuu vingapi vinajaza ndoo. Wakirudi darasani, kona moja inageuzwa soko. Makoa ya pwani yanakuwa fedha, majani yanakuwa mchicha, na huyu anauza na yule anapunguziwa bei. Siku mbili baadaye wanachora walichokiona. Kazi hii ya kabla na ya baada ndiyo inayoyafanya matembezi yawe somo. Bila ya hiyo watoto wametoka, wamechoka, wamerudi.

Yako mengine yanayotaka mwalimu awe na elimu ya mahali pake. Mfano mzuri ni pwani. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi kuandama na siku za mwezi mpevu, maji ya kwetu hupwa mwendo wa saa nne hadi saa tano asubuhi, saa ambayo watoto wako skuli na jua halijawa kali mno. Mwalimu asiyewauliza wavuvi akaenda wakati wa maji mafu, atakuta bahari imejikalia karibu na ukingo, na somo lake limeharibika. Aliyeuliza atakuta uwanja mpana uliojaa viumbe: kaa, kome, kiti cha pweza, samaki wadogo waliosalia katika vidimbwi. Huko Paje na Jambiani, ambako ukulima wa mwani ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980, watoto watawakuta kina mama wakifunga mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya mambo. Wengine watamkuta mama yao mwenyewe. Mtoto anayejua kwamba mama huondoka asubuhi na kurudi ameloa, lakini hajui anachokifanya, siku hiyo atakijua, na mwalimu akimpisha mama huyo aeleze kazi yake mbele ya watoto, basi amempa heshima ambayo si kila mahali anaipata.

Kisiwani Pemba, msimu wa karafuu ukifika, hapana haja hata ya kwenda mbali. Watoto waonyeshwe karafuu mbichi zinavyochambuliwa na kuanikwa kwenye majamvi, kisha warudi kila siku kuzitazama zikibadilika rangi kutoka kijani mpaka hudhurungi iliyoiva. Wahesabu siku kwa kuweka kijiwe kimoja kila siku ndani ya kikombe. Mtoto wa miaka mitano aliyefanya hivyo amejifunza kupanga mambo kwa wakati wake, na amejua kitu ambacho nchi yake imekitegemea kwa zaidi ya karne moja. Nungwi wako mafundi wa vyombo. Karibu kila mtaa una seremala, fundi cherehani, na mwokaji mikate ambaye tanuri lake linawaka alfajiri. Hawa wote ni walimu wasiolipwa, na wengi wao hufurahi mno wakiulizwa na mtoto kwa nini keekee inazunguka.

Tuseme pia kwamba jambo hili si geni. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia skuli tulikaa kwenye jamvi na juzuu zetu, na ni kweli kwamba tulikaa sana, na bakora ilikuwa karibu kuliko ilivyopasa. Lakini chuo hakikuwa ndani ya kuta peke yake. Tulitumwa maji, tulikwenda pamoja kwenye khitma, na mwezi wa Maulidi tulipita mitaani tukisoma kaswida, watu wakitoka milangoni kututazama. Mtaa mzima ulitujua na sisi tuliujua mtaa. Walioanzisha Mombasa, katika miaka ya 1980, mpango wa skuli za maandalizi zilizoegemea madrasa, mpango ambao uliungwa mkono na Mfuko wa Aga Khan na kufika Unguja baadaye, walilielewa hilo. Walichukua heshima ambayo jamii imeiweka kwa chuo, wakatia ndani yake mchezo, kona za kujifunzia, na vifaa vya vifuu, mbegu na magunia badala ya vitu vya dukani. Vituo vya Tucheze Tujifunze, ambavyo wengi wetu tunaviita TuTu, navyo vilianza katika miaka ya 2000 kwa masomo ya redio vijijini, na jina lake lenyewe lina hoja tunayoitetea hapa.

Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, alilalamika kwamba skuli zilikuwa zikimtenga kijana na jamii anayotakiwa kuja kuitumikia. Alikuwa akizungumzia wakubwa. Lakini kutengwa hakuanzi kwenye umri wa miaka kumi na minne. Huanza siku mtoto anapofungiwa ndani ya chumba chenye picha za matufaha.

Sasa tuje kwenye linalotukera. Katika baadhi ya skuli zetu, hasa za binafsi za mjini, matembezi yamegeuka bidhaa. Hutolewa barua: kila mtoto alete kiasi fulani cha fedha kwa ajili ya gari, fulana, chakula na kiingilio. Mahali pa kwenda pamechaguliwa kwa sababu panapendeza katika picha. Asubuhi moja, kwenye skuli ambayo hatutaitaja, tulishuhudia watoto waliolipiwa wakipandishwa garini wamevaa fulana za rangi moja, na wengine watano au sita wakirudishwa darasani pamoja na msaidizi mmoja aliyeachwa awaangalie. Mmoja wao, msichana ambaye bado hajaweza kutamka vizuri herufi "r", aliuliza gari litarudi saa ngapi kuwachukua wao. Msaidizi alimwambia akae. Wale waliorudi mchana walikuwa na hadithi za wiki nzima, na mwalimu, bila ya ubaya wowote, akajenga masomo yake juu ya hadithi hizo. Kwa hiyo wale watano au sita hawakukosa siku moja, walikosa wiki. Tena walikosa kwa kosa lisilo lao, nao wakiwa na umri ambao mtu hawezi kuelezwa maana ya baba kukosa fedha.

Hatusemi kwamba gari ni haramu. Mtoto wa mjini ana faida ya kupelekwa Jozani akamwone kima punju, mnyama asiyepatikana popote duniani ila katika visiwa hivi, na mtoto wa Chake Chake ana faida ya kwenda Kidike kuwatazama popo wa Pemba. Viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo na Tibirinzi navyo vina nafasi yake, ingawa bembea si somo la wiki. Lakini safari ya namna hiyo ni ya mara moja kwa mwaka, na iwe ya wote au isiwe. Ikiwa fedha hazitoshi kwa watoto wote, basi darasa zima liende kwa miguu kwa fundi seremala. Hatuoni sheria nyengine inayoweza kufaa.

Na kwenda kwa miguu kuna taratibu zake, ambazo mwalimu asizifanyie mzaha. Watoto wa umri huu hawajui kukisia mwendo wa gari. Mtu mzima mmoja asiwe na zaidi ya watoto watano, na mmoja atangulie, mwengine awe wa mwisho. Kamba ndefu yenye mafundo, kila mtoto akashika fundo lake, haigharimu kitu na inazuia mengi. Waende upande wa kulia wa barabara ili wayaone magari yanayokuja mbele yao. Pwani wavae viatu kwa sababu ya miiba, na watoke majini kabla maji hayajaanza kujaa. Maji ya kunywa yachukuliwe, na watoto wahesabiwe wakati wa kutoka, wakati wa kufika na wakati wa kurudi. Panapotumika gari, lisijazwe kupita viti vyake. Ajali ya basi la wanafunzi wilayani Karatu mwezi Mei 2017 ilichukua roho za watoto zaidi ya thelathini kwa mara moja, na taifa zima lilivaa msiba. Hatutaki kukumbushwa tena kwa njia ile.

Hesabu ya mtu mmoja kwa watoto watano itamtia hofu mwalimu mwenye darasa la arubaini, na ana haki. Atawapata wapi watu wanane? Hapa ndipo tunapogeuka kujitazama sisi wenyewe tulio katika Chama. Jumuiya ya Wazazi ina matawi kila mahali, na malezi ndiyo kazi iliyoundiwa. Tawi linaloweza kukusanya watu mia kwa mkutano wa jioni haliwezi kushindwa kupata wazee na kina mama saba wa kufuatana na watoto asubuhi moja kwa mwezi. Sheha anamjua kila fundi katika shehia yake, na anajua ni nani ana shamba na ni nani ana subira. Kazi hii isiingizwe siasa: asiulizwe mzazi kadi yake wala rangi ya bendera anayoipenda, maana watoto wanaoshika kamba moja wametoka katika nyumba zote.

Kwa Afisi za Elimu za Wilaya tuna ombi moja. Zitoe agizo kwa skuli zote za maandalizi, za Serikali na za binafsi, kwamba hakuna matembezi yatakayofanyika saa za masomo ikiwa mtoto yeyote ameachwa kwa sababu ya malipo, na kwamba kila skuli ibandike mlangoni mada za muhula pamoja na mahali ambapo watoto watapelekwa kwa kila mada. Mzazi akiona kwamba wiki ya pili ni ya samaki na watoto watakwenda dikoni siku ya Jumatano saa tatu, huenda akaacha kuuliza kwa nini daftari ni tupu. Na baba yake mtoto, ikiwa ni mvuvi, atajua siku ya kuwasubiri.