Mume, Mke na Kipimo cha Tezi Dume

Katika Marekani saratani ya tezi dume huwaua wanaume Weusi kiasi cha mara mbili kuliko Weupe, tukilinganisha hesabu sawa ya watu. Kipimo chake cha kwanza ni damu kidogo tu. Mbona basi wengi husitasita?

Wako wanaokumbuka Tuskegee, huko Alabama, ambako tangu 1932 hata 1972 waganga wa serikali waliwaacha mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende bila ya dawa, wapate kuutazama ugonjwa. Awalaumuye kwa shaka yao hawatendei haki.

Tena damu yaweza kutia hofu, kumbe tezi imevimba kwa uzee tu. Na matibabu yaweza kumwacha mtu hawezi kuzuia mkojo, au amepungukiwa na nguvu za kiume. Hapo shauri huwa la wawili. Aghalabu mke ndiye amhimizaye mumewe; lakini kuhimiza si kushauriana. Na waingie pamoja kwa daktari, waulize: ikionekana saratani, yapasa kutibiwa upesi, au yafaa kungoja na kuiangalia? Kwani nyingine hukua polepole mno.

Jumuiya ya Saratani ya Marekani huwashauri Weusi waanze mazungumzo hayo wafikapo miaka 45, na wenye baba na ndugu walioipata mapema, 40.