Mninga, mtiki au paini: ngazi ya nyumbani ivalishwe nini?

Ukiuliza dukani bei ya mbao za ngazi, utatajiwa aina ya mti kwanza. Anza na hesabu nyingine: ngazi yako itakula mbao kiasi gani?

Chukua nyumba ambayo kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni mita 3. Kila kidato kikipanda sentimita 17 hivi, utapata sehemu 17 za kukanyaga. Upana ukiwa mita 1, ngazi nzima ya mbao, pamoja na mihimili miwili ya pembeni, mbao za wima na za kukanyagia za inchi 2, hula karibu nusu mita ya ujazo bila kuhesabu makapi. Lakini nyumba nyingi za ghorofa mijini kwetu zina ngazi ya zege tayari, imemwagwa pamoja na slabu. Hiyo ukiivalisha mbao za inchi 1 juu ya vidato tu, unahitaji kama robo ya kiasi hicho. Kwa hiyo hata mninga ukiuzwa mara nne ya paini, mninga wa kuvalisha zege utagharimu takriban sawa na paini ya ngazi nzima. Wenye zege wanaonunua paini kwa kuogopa bei, mara nyingi hawajapiga hesabu hii.

Paini ya Sao Hill kule Mufindi ni nyepesi, inakatika vizuri na inapatikana kila mahali. Tatizo lake ni ulaini. Kisigino chembamba huacha alama, na mchwa huipenda isipotiwa dawa. Kwa mbao za wima, ambazo hazikanyagwi, inatosha kabisa. Ipake rangi tu.

Mninga ndio ningeuchagua mimi. Si mgumu kupita yote, ila hutulia: ukishakauka haupindi wala kusinyaa sana, na randa hailalamiki. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, ndiyo maana milango ya kuchongwa ya Zanzibar iliutumia, ila fundi atakudai zaidi kwa kunoa misumeno. Mvule ni mzuri pia, japo mara nyingine huficha vijiwe ndani vinavyovunja meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha.

Mtiki unahitaji jicho. Unapandwa Longuza kule Muheza, Mtibwa na bonde la Kilombero, na sifa zake za kustahimili wadudu ni za kweli, lakini ni za kiini chake cha kahawia. Mti uliovunwa mchanga una weupe mwingi pembeni, na weupe huo hauna kinga hiyo. Ukiuziwa mtiki wenye mistari mipana myeupe kwa bei ya mtiki kamili, umelipia jina. Weupe wa mninga nao uukatae vivyo hivyo.

Linalozidi aina ya mti ni ukavu. Mninga mbichi utafungua viungo na kulia kila mtu akipanda, huku paini kavu ikikaa kimya. Mwambie muuzaji apime unyevu mbele yako kwa kipimo. Asilimia 12 hivi inafaa kwa ndani. Mbao iliyotulia kwenye hewa ya Dar es Salaam itasinyaa tena ikifika Dodoma, basi iache ndani ya nyumba yenyewe wiki kadhaa kabla ya kupigiliwa. Omba pia risiti na hati ya kusafirishia ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), hasa ukinunua mninga au mkongo mikoani, maana mzigo usio na hati hukamatwa kwenye kizuizi cha barabarani na hasara ni yako.

Vanishi chagua isiyong'aa sana. Ile ya kioo hupendeza siku ya kukabidhiwa nyumba, kisha mtoto mwenye soksi anateleza hadi chini.