Pesto ya Chupa: Rojo Lisilotaka Moto

Mpishi hutegemea moto kwa mambo mawili. Moto huivisha chakula, ukalainisha kilicho kigumu. Na moto huo huo huua vijidudu ambavyo macho hayavioni. Katika vyakula vingi kazi hizo mbili hufanyika kwa pamoja, hata mtu asione haja ya kuzitenganisha. Lakini viko vyakula ambavyo uzuri wake hupotea mara vinapochemshwa. Vyakula vya namna hiyo huleta swali gumu la kisayansi: ikiwa chakula hakipikwi kabla ya kuliwa, usalama wake utatoka wapi?

Mfano mzuri wa swali hilo ni pesto ya mrehani, rojo zito la kijani ambalo asili yake ni mji wa Genoa, katika jimbo la Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia. Siku hizi rojo hilo hutiwa katika vichupa viwandani na kuuzwa katika nchi nyingi. Hata katika maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam hupatikana. Mnunuzi asiyelifahamu hulitendea kama mchuzi wa kawaida: hulimimina kikaangoni na kulichemsha, kisha hushangaa kuwa harufu imetoweka na jibini limegandamana. Mwingine huacha chupa iliyofunguliwa kabatini kwa majuma mengi, akiamini kuwa mafuta yaliyo juu yanatosha kuihifadhi. Kosa la kwanza huharibu ladha tu. La pili laweza kuhatarisha maisha.

Kinu na mchi

Neno "pesto" linatokana na kitenzi cha Kitaliano chenye maana ya kuponda au kutwanga. Kwa desturi ya Genoa, majani machanga ya mrehani hupondwa katika kinu cha marumaru kwa mchi wa mti, pamoja na kitunguu saumu, chumvi ya mawe, kokwa za msonobari, na aina mbili za jibini gumu: moja la maziwa ya ng'ombe na jingine la maziwa ya kondoo. Mwishowe huongezwa mafuta ya zeituni. Maelezo ya utengenezaji wake yalichapwa katika kitabu cha mapishi cha Giovanni Battista Ratto katika miaka ya 1860. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atalielewa rojo hili upesi akilifananisha na chatne ya kotimiri: zote mbili ni majani mabichi yaliyosagwa pamoja na viungo, na hakuna kati yake inayopikwa.

Mrehani wenyewe si mgeni katika pwani hiyo. Jina lake limetoka katika Kiarabu, na mmea hupandwa uani kwa ajili ya harufu yake nzuri. Kivumbasi, ambacho moshi wake hutumiwa kufukuza mbu, ni cha jenasi hiyo hiyo.

Harufu iliyofungwa katika jani

Juu ya jani la mrehani mna vifuko vidogo sana vyenye mafuta ya harufu. Jani likiguswa au kupondwa, vifuko hupasuka na harufu hutoka. Miongoni mwa kemikali zilizomo humo ni linaloli, yenye harufu ya maua, na eujenoli, ambayo ndiyo kemikali kuu ya harufu ya karafuu. Ndiyo maana mtu aliyezoea karafuu za Unguja na Pemba, akinusa mrehani kwa makini, hutambua kitu anachokifahamu.

Kemikali hizo zina tabia mbili zinazomhusu mpishi. Kwanza, hugeuka mvuke kwa urahisi. Chakula kikichemka, mvuke wa maji huzibeba na kuzitawanya hewani. Harufu tamu inayojaza jikoni wakati pesto inapochemshwa ni harufu ambayo haitakuwamo tena katika sahani. Pili, kemikali hizo huyeyuka vizuri katika mafuta kuliko katika maji. Kwa hiyo mafuta ya zeituni hayakuwekwa kwa ajili ya ulaini tu. Hayo ndiyo huishika harufu na kuifikisha kinywani.

Kwa nini kijani hugeuka

Rangi ya jani hutokana na umbijani, yaani klorofili. Katikati ya molekuli ya umbijani mna atomu ya magnesi. Pakiwapo asidi, na hasa joto likisaidia, atomu hiyo hung'oka na mahali pake huchukuliwa na haidrojeni. Molekuli mpya inayopatikana haina kijani kinachong'aa. Ina rangi ya kijani kilichofifia chenye kuelekea hudhurungi.

Upo pia mgeuko wa pili. Katika seli nzima, vimeng'enya fulani na kemikali ziitwazo fenoli hukaa katika vyumba mbalimbali. Jani likipondwa kuta huvunjika, vitu hivyo hukutana mbele ya oksijeni ya hewani, na rangi ya hudhurungi hutokea. Ni jambo lile lile linaloonekana katika biringani au ndizi mbichi iliyokatwa na kuachwa wazi. Tabaka la mafuta juu ya pesto hupunguza mgeuko huu kwa kuzuia hewa. Lakini kuzuia hewa si faida tupu, kama inavyoelezwa hapa chini.

Hatari isiyoonekana

Katika udongo wa sehemu nyingi za dunia huishi bakteria iitwayo Clostridium botulinum. Inapokosa mazingira mazuri hujifunga katika hali ya spora, ambayo yaweza kustahimili maji yanayochemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi. Spora hizo hupatikana katika vitu vilivyoota ardhini au karibu na ardhi, kitunguu saumu na majani ya mboga yakiwamo. Katika hewa ya kawaida hazileta madhara. Zikizamishwa katika mafuta, mahali pasipo na oksijeni, penye unyevu, pasipo na uchachu wa kutosha na penye uvuguvugu, huamka, huzaana na kutoa sumu ambayo ni miongoni mwa sumu kali kabisa zijulikanazo.

Ugonjwa unaotokana na sumu hiyo huitwa botulizimu. Kwa kawaida dalili huanza baada ya saa 12 hadi 36: macho huona maluweluwe, kope hulegea, kumeza na kusema huwa shida, kisha misuli ya kupumua yaweza kupooza. Mtu mwenye dalili hizo hapana budi afikishwe hospitali mara moja. Na jambo linalozidisha hatari ni kwamba chakula chenye sumu hii chaweza kuonekana, kunukia na kuonjeka kama kawaida.

Mwaka 1985, katika mji wa Vancouver nchini Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula katika mkahawa mmoja. Chanzo kilikuwa kitunguu saumu kilichokatwakatwa na kuhifadhiwa katika mafuta bila ya kuwekwa kwenye baridi. Mwezi wa Septemba mwaka 2024, katika eneo la Indre-et-Loire nchini Ufaransa, watu kadhaa walilazwa hospitalini kwa ugonjwa huo huo. Safari hii chakula kilichohusika kilikuwa pesto iliyotengenezwa kwa majani ya kitunguu saumu mwitu na kutiwa katika chupa. Ingawa miaka karibu 40 ilikuwa imepita kati ya matukio hayo, kanuni iliyovunjwa ilikuwa moja: mboga mbichi iliyofungwa ndani ya mafuta si chakula kilichohifadhiwa.

Jinsi kiwanda kinavyolijibu swali

Kwa kuwa pesto haitapikwa mezani, usalama wake lazima ukamilike kabla haijafika huko. Kiwanda hutumia kinga kadhaa kwa pamoja. Ya kwanza ni uchachu. Bakteria ya botulizimu haiwezi kukua mahali ambapo kipimo cha pH ni 4.6 au chini ya hapo. Kwa hiyo pesto nyingi za chupa hutiwa asidi, kama vile asidi ya maziwa au ya limau. Ya pili ni chumvi, ambayo hupunguza maji yanayoweza kutumiwa na vijidudu. Ya tatu ni joto: chupa iliyozibwa hupashwa moto ili kuua vijidudu vya kawaida na kuzuia kazi ya vimeng'enya. Ya nne ni mfuniko usiopitisha hewa.

Kila kinga ina gharama yake. Asidi na joto, kama ilivyoelezwa, ndivyo vinavyong'oa magnesi katika umbijani. Hii ndiyo sababu pesto ya chupa ina rangi iliyofifia na harufu hafifu kuliko ile iliyotoka kinuni sasa hivi. Rangi hiyo si ishara ya kuoza. Ni bei iliyolipwa ili chupa iweze kusafiri mbali na kukaa miezi kadhaa bila ya kufunguliwa.

Lebo ya chupa inastahili kusomwa kwa makini. Katika nchi nyingi sheria hutaka viambato viorodheshwe kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Mara nyingi msomaji atakuta mafuta ya alizeti mahali pa mafuta ya zeituni, na korosho mahali pa kokwa za msonobari, ambazo ni ghali. Mkorosho ni mti wa asili ya Brazili. Wareno waliuleta Afrika Mashariki katika karne ya 16, na leo ni zao kubwa la mikoa ya kusini mwa Tanzania. Badiliko hilo la kiwandani ni jambo zito kwa mtu ambaye mwili wake haupatani na korosho au karanga: kijiko kimoja chaweza kumletea madhara makubwa.

Matumizi ya kila siku

Kutokana na maelezo hayo, kanuni ya jikoni ni fupi: pika chakula, wala usipike pesto. Joto la chakula lenyewe latosha kuipasha.

Kwa tambi, kabla ya kuzichuja, teka kikombe cha maji yaliyozichemshia. Epua sufuria, chuja tambi, zirudishe, kisha ongeza pesto na vijiko viwili au vitatu vya maji hayo, ukikoroga. Wanga uliomo katika maji husaidia mafuta na maji kushikana, na rojo hulala sawasawa juu ya kila uzi. Watu wa Liguria huchemsha viazi mbatata na maharagwe machanga ya kijani katika sufuria moja na tambi. Mlo huo una wanga, mboga na mafuta kwa moto mmoja tu.

Katika Genoa pia pesto hutiwa katika supu ya mboga na maharagwe baada ya kuepuliwa, kijiko kimoja kwa bakuli. Hali kadhalika yafaa kupakwa juu ya samaki au kuku aliyekwisha kuchomwa, kuchanganywa na viazi vilivyopondwa au mayai ya kuchemsha, au kupakwa katika mkate. Kwa kuwa jibini na pesto yenyewe vina chumvi nyingi, chumvi ya chakula ipunguzwe, na iongezwe tu baada ya kuonja.

Chupa ikisha kufunguliwa, iwekwe katika jokofu mara moja, itumiwe kijiko safi na kikavu, na yaliyobaki yamalizwe katika siku zilizotajwa kwenye lebo. Kumimina mafuta kidogo juu yake huhifadhi rangi, lakini hakuchukui nafasi ya baridi. Pasipo na jokofu, ni heri kununua chupa ndogo inayomalizika kwa mlo mmoja. Na anayejitengenezea pesto nyumbani, ambayo haina asidi wala haikupashwa moto, atengeneze ya kutosha siku hiyo, au aigandishe katika barafu. Asiifungie chupani kabatini.

Jaribio kwa darasa

Mgeuko wa umbijani waweza kuonyeshwa shuleni kwa vifaa rahisi. Chukua sufuria tatu ndogo zenye maji kiasi sawa. Ya kwanza iachwe kama ilivyo. Katika ya pili kamulia limau moja. Katika ya tatu tia magadi kidogo. Chemsha majani machache ya mchicha katika kila moja kwa dakika 10, kisha yapange juu ya sahani nyeupe. Majani ya sufuria ya limau yatakuwa yamefifia na kuelekea hudhurungi, na yale ya magadi yatabaki na kijani cha kung'aa. Wanafunzi waeleze sababu kwa kutumia habari ya magnesi na haidrojeni. Kisha waulizwe: ikiwa magadi huhifadhi rangi vizuri hivyo, kwa nini kiwanda cha pesto hakiyatumii? Jibu limo katika kipimo cha pH. Magadi yangeondoa uchachu, na uchachu ndio unaoizuia bakteria ya botulizimu.

Kwa hiyo chakula kizuri kwa macho chaweza kuwa cha hatari, na kilichofifia kikawa salama. Sayansi haimkatazi mtu kupenda rangi na harufu. Humfundisha tu kuuliza, kila afunguapo chupa, ni kinga zipi zinazomlinda, na ni ipi kati yake iliyoondoka pamoja na mfuniko.